Kirusi Kilichopandishwa Cheo

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, kwa sababu ofisi ya ramani bado inasubiri kibali cha kuichora. Msianze kuangaliana. Si kwenu. Kwenu mambo haya hayawezi kutokea, na nikisikia mtu anasema nilimaanisha kwenu, nitamkana mchana kweupe. Mimi naitwa Abisai Mkolwe, karani. Miaka ishirini na sita nimekaa Wizara ya Tahadhari, chumba namba tisa, meza ya karibu na mlango, na nina cheti cha utii kilichotiwa fremu.

Kazi ya wizara yetu ni kutahadharisha. Wizara nyingine zikijenga daraja, sisi tunawatahadharisha watu wasipite juu yake. Masika tunatahadharisha mvua, kiangazi tunatahadharisha jua. Mwaka jana tulitoa tahadhari elfu nne na mia mbili, haikutimia hata moja, na Waziri akasema hayo ndiyo mafanikio yenyewe.

Tuna kundi letu la kazi kwenye simu, linaitwa Familia ya Tahadhari. Utaratibu wake ni mwepesi. Mkubwa akituma ujumbe, una dakika tano za kujibu "Imepokelewa Mkuu". Kisha unausambaza kwa walio chini yako, huku jina na cheo chako umeviweka juu. Wa chini nao hivyo hivyo, mpaka kwa mfagizi, ambaye kwa kukosa wa chini yake humtumia shemeji. Kwetu ujumbe hupimwa kwa cheo cha aliyeutuma, mambo ya ndani ni ya wenye nafasi ya kusoma. Na lipo swali moja ambalo mtu aliyelelewa vizuri hamwulizi mkubwa wake: "Umeupata wapi?" Hilo ni tusi. Mwaka juzi bwana mmoja wa takwimu aliliuliza kwa kuteleza ulimi. Sasa ni mkuu wa kituo cha hali ya hewa, kwenye kisiwa ambacho hakina kitu kingine isipokuwa hali ya hewa.

* * *

Jumanne moja Waziri wetu, Mheshimiwa Profesa Gaudensi Mabumba, aliingia mkutanoni ameshika simu kwa mikono miwili. Uprofesa huo alitunukiwa na chuo alichokizindua mwenyewe asubuhi ya siku hiyo hiyo ya kutunukiwa. Akatusomea:

"TAHADHARI!!! SOMA SASA HIVI!!! KUNA KIRUSI KIPYA CHA KOMPYUTA KINAITWA MGENI WA ALFAJIRI. KAMPUNI KUBWA KULIKO ZOTE DUNIANI IMETANGAZA JANA KWAMBA HAKIJAWAHI KUONEKANA KIRUSI KIBAYA KAMA HIKI NA HAKINA DAWA. TAFUTA KWENYE KOMPYUTA YAKO FAILI LENYE NENO ORODHA. UKILIKUTA, UMEKWISHA AMBUKIZWA. LIFUTE HARAKA KABLA HALIJAUNGUZA KOMPYUTA, SIMU NA FRIJI. NDUGU YANGU ANAFANYA KAZI HUKO HUKO AMENIHAKIKISHIA. WATUMIE WOTE UNAOWAPENDA. UKINYAMAZA WEWE NI MUUAJI."

Akaishusha simu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu zangu, chanzo cha ujumbe huu ni cha juu sana kwangu. Siwezi kukitaja jina. Nikikitaja, nitakuwa nimejivunjia heshima yote niliyonayo."

Tukasimama wote. Naibu Waziri alielewa ni Ikulu. Mkurugenzi wa Usalama alielewa ni mataifa makubwa. Mimi nilielewa kwamba watu wamesimama, basi nisimame.

Kabla ya adhuhuri ujumbe ulikuwa umeshatufikia sote, ukatoka, ukaenda wizara nyingine. Ikulu iliupata kutoka wizara tatu kwa mpigo, kwa hiyo ikahesabu kwamba umethibitishwa mara tatu. Jioni ukaturudia ukiwa na nembo ya Ikulu juu. Waziri aliuona, akainua simu juu. "Mnaona?" alisema. "Hata Ikulu nao wamepata habari hizi hizi!" Mimi mwenyewe niliwatumia watu ishirini na wawili, wakiwamo wanakwaya na fundi wangu wa viatu, ambaye kompyuta hajawahi kuigusa. Alinishukuru sana.

* * *

Watu wakatafuta. Jamani, wakalikuta! Kompyuta ya serikali isiyo na orodha ni kama sufuria ya shughuli isiyo na masizi. Elimu walikuta orodha ya wanafunzi. Magereza walikuta orodha ya wafungwa. Bunge walikuta orodha ya mahudhurio, ikiwa haijafunguliwa tangu iletwe. Wizara ikatangaza kwamba maambukizi yamefikia asilimia mia moja, na Rais, aliyekuwa ziarani ng'ambo, akaisoma takwimu hiyo mbele ya wageni kama mfano wa nchi inayokamilisha malengo kabla ya muda.

Kikaundwa Kikosi Maalumu cha Ufutaji. Kilikuwa na watu arobaini, ngoma, tarumbeta nne, magari mawili, na mtu mmoja anayejua kuwasha kompyuta. Mimi nikateuliwa Katibu.

Kazi yenyewe ilikuwa na sheria yake, Sheria ya Kuaga Orodha. Kabla faili halijafutwa, Katibu husoma majina yote yaliyomo kwa sauti, mbele ya Waziri mwenyewe, ili baadaye mtu asije kulalamika kwamba hakujulishwa. Bila Waziri kuwapo, au bila Katibu kusoma, ufutaji ni batili. Gerezani nilisoma siku mbili mfululizo mpaka koo likavimba. Tulipokwisha kufuta, mkuu wa gereza hakujua tena nani mfungwa na nani mgeni. Kwa busara yake akaamua asitoke mtu, wakiwamo wapiga tarumbeta wetu wawili. Mpaka leo wanapiga huko huko, na nasikia nidhamu imepanda. Shuleni watoto waliambiwa kila mmoja achague darasa analolipenda, na darasa la kwanza likafurika kwa sababu ndiko kunakotolewa uji.

Mtaniuliza, kwani hapakuwa na nakala kwenye karatasi? Mna maswali nyie! Sisi ni Serikali Bila Karatasi. Karatasi zote zilichomwa uwanja wa taifa kwenye sherehe kubwa, na kadi za mwaliko wa sherehe hiyo zilichapishwa kwenye karatasi nzito yenye nakshi za dhahabu. Na kunakili kwa mkono? Waraka ulisema wazi kwamba kunakili orodha iliyoambukizwa ni kuambukiza, na daftari lolote litakalokutwa na majina yaliyofuatana litawekwa karantini pamoja na mwenye daftari.

* * *

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu nianze.

Mke wangu, Sifuni, ni mgonjwa wa figo. Hospitali yetu kuu ina mashine mbili za kusafisha damu, moja inafanya kazi na nyingine inaipa moyo. Wagonjwa ni tisa. Kila mmoja ana zamu mbili kwa wiki, na kila zamu ni muda wa saa nne ameketi, mkono umefungwa mirija. Mashine yenyewe haiwaki mpaka kompyuta iiambie nani kaketi, na ni maji kiasi gani yatolewe mwilini mwake. Faili linaloiambia hayo linaitwa ORODHA YA FIGO. Sifuni ni namba nne, Jumatatu na Alhamisi, saa nne asubuhi. Akikosa zamu moja, miguu huvimba na pumzi inakuwa ya kuomba. Akikosa mbili, sijawahi kuimaliza sentensi hiyo, na hapa siimalizi.

Siku ratiba ya Kikosi ilipotoka nilirudi nyumbani nikamkuta anachambua mchele.

"Baba Oswadi, hospitali mnakuja lini?"

"Alhamisi ya wiki ijayo."

"Alhamisi ni zamu yangu."

"Najua, mama Oswadi."

"Mtalifuta kabla sijaingia au baada?"

"Ratiba inasema saa tatu."

"Mimi naingia saa nne." Akaokota jiwe, akalitupa nje. "Na nasikia wewe ndiye Katibu. Hongera."

Nikamjibu asante, kwa mazoea. Kisha nikaenda uani nikashika ukuta. Niliogopa, nasema wazi. Nimekaa na mwanamke huyu miaka thelathini, ananijua kuliko faili langu la utumishi, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumsoma jina kabla ya kumfuta.

* * *

Fundi wa kompyuta wa hospitali ile ni dada mmoja, Zawena Lukindo, mwembamba, mkavu wa maneno. Kikosi kilipokwenda Ijumaa kufanya ukaguzi wa awali, mtu wetu wa kuwasha kompyuta alitafuta neno ORODHA, akakosa. Akatafuta tena. Hakuna. Zawena alikuwa amelibadilisha faili jina, akaliita MAUA.

Mngedhani tungefurahi. Lakini nchi ilikwisha tangazwa kuwa na maambukizi asilimia mia moja, na takwimu hiyo ilikwisha somwa na Rais ng'ambo. Kompyuta moja nzima ingemfanya Rais aonekane mwongo. Zawena akaitwa mbele ya Kamati ya Watu Kumi na Wawili aeleze kwa nini kompyuta yake haiumwi. Nami nikaandika muhtasari.

"Bi Zawena," alianza Mwenyekiti, mzee mnene aliyekuwa akijipepea kwa kofia, "kompyuta yako imekutwa nzima. Unajitetea vipi?"

"Mheshimiwa, zote zilikuwa nzima. Hakuna kirusi."

Nikaandika: Mtuhumiwa alikohoa.

"Unajuaje hakuna, na ujumbe umesema kipo?"

"Ujumbe wenyewe ndio unaojisema. Umeandikwa herufi kubwa tupu na alama za mshangao, kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Hauna tarehe. Unasema jana, na kila anayeusoma ana jana yake. Unataja kampuni kubwa, lakini hausemi tangazo liko wapi mtu akalisome. Una ndugu asiye na jina. Unakutisha, halafu unakuambia hakuna dawa, ili usimwite fundi. Unakuambia utafute kitu ambacho kila kompyuta inacho. Na friji, waheshimiwa, inaunguzwaje na faili?"

"Friji ni jambo la kitaalamu," alisema mjumbe wa Nishati.

"Na mwisho unamwambia kila mtu atume kwa wote. Hapo ndipo pa kusimama. Mtu akikutumia kitu cha namna hiyo, usifute chochote, usimtumie mtu. Nenda kwa hao waliotajwa uone kama kweli wamesema. Na aliyekutumia mwulize kaupata wapi."

Chumba kizima kilishtuka kwa lile swali. Mjumbe mmoja aliziba masikio. Lakini Mwenyekiti ni mtu wa haki, akaagiza vipimo hivyo vijaribiwe pale pale. Ukaletwa waraka uliokuwa karibu, Waraka Namba Moja wa wizara yetu. Herufi kubwa? Ndiyo. Tarehe? "Hivi karibuni." Chanzo? "Wataalamu." Vitisho? Vipo. Dawa? Haipo. Usambazwe? Kwa wote, bila kuchelewa. Wakaleta na hotuba ya Siku ya Taifa. Maadui wapo, hawana majina, wako miongoni mwetu, mwambie na jirani yako. Mjumbe wa Elimu akaanza kutoka jasho.

"Mwenyekiti," alisema kwa sauti ndogo, "kwa vipimo vya dada huyu, serikali nzima ni ujumbe wa kusambazwa."

Halafu Mwenyekiti akavaa kofia yake. "Basi vibovu ni vipimo," alisema. Ikapigwa kura, kumi na wawili kwa sifuri. Vipimo vikapigwa marufuku. Zawena akaamriwa alirudishie faili jina lake halali, ili lipatikane na lifutwe kwa mujibu wa sheria, la sivyo kompyuta yenyewe itachomwa moto. "Lisemwalo lipo," Mwenyekiti alihitimisha, "na kama halipo, laja. Na kama linachelewa kuja, serikali yenu ipo, italileta."

Akitoka, Zawena alisimama kwenye meza yangu. "Ndugu Katibu, mke wako ni namba nne. Hilo umeliandika humo?"

Sikuwa nimeliandika. Nilijisikia vibaya, na nikamkasirikia yeye kwa kunifanya nijisikie vibaya.

* * *

Jumatatu niliomba ruhusa nikamsindikiza Sifuni. Kwenye benchi la kungojea alikuwapo bibi wa miaka kama sabini, kanga kichwani, anabonyeza simu kwa kidole kimoja kwa kasi ya mtu anayebangua korosho.

"Huyo ni namba sita, Bi Nyamizi Lubasha," Sifuni aliniambia. "Mama mkwe wa Waziri wenu."

"Wa Mabumba? Hapa? Kwenye benchi?"

"Waziri hajui. Atajuaje?"

Hapa inabidi niwaeleze. Kwa kabila la Waziri wetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hamtazami usoni. Mambo ya mwili, maradhi yakiwamo, hayazungumzwi baina yao hata kwa kupitia mtu. Na jina lake hasa, halitamki wala halisikii. Likitamkwa mbele yake, hufunika kichwa akaondoka mahali hapo, na harudi tena. Hiyo ndiyo heshima yao, na mimi sina neno nayo.

Lakini pale kwenye benchi yalinirudia maneno ya Waziri mkutanoni. Chanzo kilicho juu sana kwangu. Siwezi kukitaja jina.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba baba. Wewe ndiye mume wa Sifuni? Mbona umekonda, au chakula anakula mgonjwa?"

Nikacheka kidogo, halafu nikakusanya nguvu zangu zote. "Mama, unisamehe sana. Ule ujumbe wa kirusi, Mgeni wa Alfajiri. Uliupata wapi?"

Hakukasirika hata chembe. "Nitajuaje, baba? Labda kwaya, labda kamati ya harusi, labda wale wauza mbegu. Kila kinachoingia mimi nakisukuma mbele. Saa nne nzima mkono mmoja umefungwa kwenye mashine, huu mwingine ufanye kazi gani?"

"Kwani huwa unazisoma?"

"Miwani yangu ilivunjika mwaka juzi."

"Sasa Waziri unamtumia za nini?"

Akaiangalia simu yake. "Binti yangu yuko ng'ambo na wajukuu wangu, ananipigia sikukuu hadi sikukuu. Na mkwe wangu hatuongei, unajua mila. Lakini nikimtumia kitu, hunijibu. 'Imepokelewa Mama.' Basi najua wazima. Kutoka nyumba ile, neno ninalolipata ni hilo tu."

Nikaufungua ule ujumbe kwenye simu yangu. Sifuni ndiye aliyemsomea ujumbe wote, polepole, mpaka mwisho.

"Orodha?" Bi Nyamizi aliuliza. "Orodha ipi hiyo?"

"Ni pamoja na hii yetu, mama. Ya mashine. Alhamisi wanakuja kuifuta."

"Wee! Hii hii?" Alishika kifua. "Mungu wangu, nimejichongea mwenyewe!"

"Mtumie ujumbe mwingine, mama," nilimwambia. "Mwambie asifute. Wewe atakusikia."

Aliinua simu yake, akairudisha mapajani. Kisha akatikisa kichwa. "Nimwambie nini? Kwamba mkojo hautoki? Mkwe wangu? Hapana baba. Bora nife na heshima yangu. Na wewe usimwambie, nakuomba."

Nikamwambia simwambii. Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa amenishika mkono, na wake ulikuwa umejaa makovu ya sindano.

* * *

Alhamisi tukafika, ngoma na zile tarumbeta mbili zilizobaki. Wagonjwa wa siku hiyo walikuwa kwenye benchi. Sifuni alikuwa amevua viatu, havimtoshi tena kila ikikaribia zamu. Bi Nyamizi alikuwa amewahi kama kawaida yake, na aliposikia gari la Waziri akajificha nyuma ya pazia la chumba cha mashine. Chini ya pazia yalionekana malapa yake ya bluu.

Waziri alihutubia. Alisema taifa lisilofuta haliwezi kuandika. Alisema historia itatuuliza tulikuwa wapi siku friji zilipokuwa hatarini. Akasema chanzo kilichomtuma kinamtazama muda huu, na kwa hilo, bila kujua, hakukosea sana. Kisha akaketi mbele ya meza iliyotandikwa bendera, akaniashiria.

Mtu wetu akaiwasha kompyuta. Faili likafunguka. Zawena alikuwa ameegemea mashine, mikono kifuani, ananitazama.

Nikasoma namba moja. Nikasoma namba mbili, na tatu. Namba nne nilisoma jina la mke wangu, na sauti yangu nilisikia inatoka kama ya mtu mwingine aliyeko chumba cha pili. "Endelea, Katibu," alisema Waziri. Nikasoma namba tano.

Namba sita nikanyamaza. Ningeweza kuruka. Hakuna mtu serikalini anayesoma kilichoandikwa, nani angejua? Nilikuwa nimemwahidi yule bibi, na nilikuwa naona malapa yake. Na niliona miguu ya Sifuni.

"Soma, baba Oswadi," alisema Sifuni kutoka kwenye benchi, taratibu tu. "Sheria inasema majina yote."

"Namba sita," nikasoma, na nilisoma kwa sauti kubwa kuliko hata ile ya gerezani. "Nyamizi Lubasha. Jumatatu na Alhamisi, saa nane mchana. Figo zote mbili zimekufa."

Waziri aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Alitafuta kitu cha kufunika kichwa, akakosa, akaivuta bendera ya mezani na bilauri za maji zikaenda nayo. Akajifunika gubigubi, akatoka kinyumenyume, akajigonga kwenye ngoma, akapotea mlangoni. Nyuma ya pazia nilisikia, "Yarabi nifiche!" Kikosi kilibaki kimeduwaa. Naibu Waziri, ambaye siku zote ni mwepesi wa kuelewa, akapiga ukelele: "Kirusi kimempata Mheshimiwa!" Watu wote wa Kikosi, isipokuwa mimi, wakatoka kwa milango miwili na madirisha matatu.

Waziri hayupo, ufutaji ni batili. Zawena akaliangalia saa la ukutani. "Namba nne," aliita. Sifuni akaingia, akaketi, akamnyooshea mkono.

Bi Nyamizi alitoka nyuma ya pazia akiwa amejitanda mpaka machoni. Alinipita bila kunisemesha. Mpaka leo hanisemeshi, na simlaumu.

* * *

Jioni ukatoka waraka mpya kwa herufi kubwa. ORODHA YA FIGO ya hospitali kuu imebainika kuwa na kinga ya asili, isiguswe na mtu yeyote, kwa maelekezo ya chanzo kile kile. Nilikuwa nikisubiri barua yangu ya kisiwani, haikuja. Kila aliyetaka kunishtaki aligundua kwamba hati ya mashtaka italazimika kutaja nilichosoma, na hati hiyo lazima isainiwe na Waziri. Jambo likaachwa. Nilimshukuru Mungu, nikanunua nusu kilo ya nyama, tukala mimi na mke wangu tukicheka kama maharusi.

Asubuhi ya Ijumaa nilipiga pasi shati langu la kazi, jeupe, lenye beji ya Katibu. Sifuni alikuwa amekaa mlangoni na viatu vyake mguuni, vinamtosha vizuri.

"Leo tena wapi?" aliuliza.

"Hospitali ya ng'ambo ya mto."

"Kwani hamkuacha?"

"Tumeacha ile yenye kinga. Nyingine ratiba iko pale pale. Waziri anapona kwa kufanya kazi."

"Huko kuna orodha gani?"

"Watoto njiti. Wale wanaowekwa kwenye mashine za joto. Wako kumi na wanne."

Sifuni aliniangalia. "Kuna mkwe wa mtu humo?"

"Mama Oswadi, wale hata majina hawajapewa. Wameandikwa mtoto wa kitanda cha kwanza, mtoto wa kitanda cha pili. Naibu anasema leo itakuwa kazi fupi."

Aliinuka, akalichukua shati mikononi mwangu, likiwa bado na joto la pasi, akaenda nalo uani. Akalizamisha kwenye beseni la maji ya kuoshea vyombo, akalishikilia chini kwa mikono yote miwili mpaka mapovu yakakoma.

Shati la kazi ninalo moja tu, na Katibu haendi kusoma mbele ya Waziri kavaa fulana. Nikaketi kwenye kizingiti, nikavua viatu. Msije mkasema karani wa serikali amegoma. Shati lilikuwa limelowa.